Miaka 3 na anajua herufi zote, je ana kipaji?

Hongera mama, ila kujua herufi na namba akiwa na miaka 3 peke yake haitoshi, wengi wanakariri tu toka kwenye katuni. Mi ningeangalia anavyouliza. Ukimwambia jua limezama anaridhika, au anarudi baadae na "sasa huko lilikoenda watu ndo wanaamka?" Hapo kaunganisha mwenyewe, hajafundishwa na mtu. Dalili zingine ni kumbukumbu kali, sentensi ndefu kuliko wenzake, kung'ang'ania kitu kimoja mpaka akielewe, kupenda kukaa na watoto wakubwa.

Na usishangae huyohuyo anagalagala chini analia kisa soksi inamkwaruza, akili inaweza kutangulia hisia zikabaki za umri wake, kwa hiyo zile za "we si una akili, mbona unalia" achana nazo kabisa. Vipimo vya IQ (vya kupima akili) usikimbilie saivi, umri huu majibu yanabadilikabadilika sana. Msomee, mjibu maswali yake (yatakuchosha, najua), mwache acheze. Ila kama anasoma maneno lakini haelewi anachosoma, au kuongea na watu kunamsumbua, mpeleke kwa daktari wa watoto amcheki.