Samaki wa dhahabu anayehema juu ya maji

Pole sana, dada. Ukisema jana ulimwaga maji yote, ukajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini, na leo samaki yuko juu akipigapiga mdomo, mimi nashuku maji kabla ya ugonjwa. Maji ya mfereji hapa Nairobi hutiwa klorini, na klorini huchoma matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia. Mtazame kwa karibu: matamvua yakiwa mekundu kupita kawaida na mapezi ameyabana mwilini, usingoje kesho. Nunua dawa ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki, uitie leo hii kwa kipimo cha tangi zima. Kama una pampu ya hewa, iwashe usiku kucha.

Usimwage maji yote tena, tafadhali. Badilisha robo tu kila siku, kwa maji yaliyotiwa dawa hiyo. Kichujio nacho usikioshe mferejini. Kisuuze kwa maji uliyotoa kwenye tangi, kwa sababu ndani yake mna bakteria wanaovunja amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Hao wakifa, sumu inapanda.

Chakula acha siku mbili. Hatakufa njaa.

Samaki wangu naye alilala ubavu mchana kutwa, nikakaa naye na tochi hadi usiku wa manane. Siku ya tatu aliinuka akadonoa kokoto. Ila ukiona chembe nyeupe mwilini kama chumvi, huo ni ugonjwa mwingine, niambie upesi.