Shangazi, nataka pete ya mtindo wa zamani, ila kila mtu ananivutia kwake

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 31. Mchumba wangu ni muuguzi, yuko wodi ya wazazi. Barua yetu ya posa imeshajibiwa na siku ya kuvishana pete imepangwa Desemba. Mwenzangu anapenda vitu vya kale kupita kiasi. Anavaa saa ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babu yake, na ana sanduku la kanga za mama yake ambazo hataki mtu mwingine azifue. Kwa hiyo nimeamua pete iwe ya mtindo wa zamani, si hizi zinazofanana kila duka.*

*Nimejibana nikaweka milioni mbili. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia pete kwa milioni moja na laki nane. Anasema ni ya Uingereza, ya miaka ya 1920, ina jiwe la tanzanite "la tangu ilipotengenezwa" na vialmasi pembeni. Anataka nitume nusu kwa simu leo leo, maana eti kuna mteja mwingine anaisubiri. Mama naye anasema nisipoteze hela, nikachukue pete ya marehemu bibi mzaa baba, ambayo iko kwa shangazi yangu mkubwa. Halafu shemeji, dada wa mchumba, kasikia habari za pete ya zamani akasema pete iliyokwisha kuvaliwa ina mikosi. Nishike lipi?*

*Mwalimu wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujibiwa barua.

Kabla ya yote: hiyo nusu kama hujaituma, usiitume. Tanzanite ilianza kujulikana mwaka 1967, huko Mererani, Simanjiro, na jina lenyewe lilikuja mwaka uliofuata, kampuni ya Tiffany ya New York ilipoanza kuinadi. Sonara gani wa Uingereza aliipachika kwenye pete mwaka 1925? Ama pete si ya miaka hiyo, ama jiwe limepachikwa juzi, ama hata tanzanite yenyewe si tanzanite. Vyovyote iwavyo, muuzaji anakudanganya au hajui anachokiuza, na mtu wa namna zote mbili hapewi laki tisa kwa simu.

Ukitaka kujiridhisha, mwombe picha ya ndani ya pete. Pete nyingi za dhahabu za Uingereza za wakati ule zilipigwa chapa: nanga kama zilipimwa Birmingham, kichwa cha chui kama ni London, na herufi ndogo inayoonyesha mwaka. Kisha mwambie mkutane kwa sonara unayemchagua wewe, aitazame kwa lenzi yake mkiwa mmekaa wote watatu. Mwenye mali halali huja. Na ujue pia kwamba hata pete iliyo ya kale kweli yaweza kuwa na jiwe la kiwandani. Yakuti za kutengenezwa ziko sokoni tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, baada ya Mfaransa Auguste Verneuil kutangaza njia yake mwaka 1902, na masonara wa miaka ya 1920 walizitumia sana. Uzee wa pete hauthibitishi jiwe.

Haya, huyo tumemaliza naye. Tuje kwa mwenzio.

Umeniandikia mambo mawili anayoyathamini: saa ya babu yake na kanga za mama yake. Nimeyasoma mara mbili, na sioni mahali uliposema anapita madukani kununua saa kuukuu za watu asiowajua. Anachokipenda kwenye ile saa ni kwamba anamjua aliyekuwa akiitia ufunguo kila asubuhi. Ukimletea pete ya mwanamke wa Kiingereza ambaye hata jina lake hulijui, umempa uzee tu bila mtu ndani yake. Atakushukuru, kwa kuwa amelelewa vizuri. Lakini wewe hukutaka shukrani ya adabu.

Ndiyo maana wazo la mama yako si baya, ila njia yake ndiyo mbaya. "Kachukue." Mama yako aliolewa kwenye ukoo huo, marehemu alikuwa mama mkwe wake. Pete iko kwa binti wa marehemu, na huenda kuna mabinti wengine na wajukuu wengine ambao kila mmoja anajua moyoni kwamba ile pete ni yake. Mimi mwenyewe ni shangazi wa watu, na nakwambia kasha la dhahabu la mama yetu hatulifungui kwa sababu mke wa kaka katuma ujumbe. Usimtangulize mama kwenye jambo hili hata kidogo. Nenda mwenyewe, au ukaongozane na baba yako mdogo kama baba hayupo, na useme kwamba umekuja kuomba. Jiandae kukubali hapana kabla hujapiga hodi.

Wakikubali kukupa, basi wakupe kweli, mbele ya watu wawili watatu, na isemwe waziwazi kwamba imetoka mikononi mwao. Nimeshaletewa kesi za pete za ukoo zilizodaiwa zirudi baada ya ugomvi mdogo wa arusini, na mke wa watu akavuliwa kidole mchana kweupe. Kama wanataka kukuazima, kataa kwa heshima. Pete ya uchumba haiazimwi.

Na wakikataa? Hapo omba jambo dogo zaidi: nusu saa na ile pete mezani, shangazi mwenyewe akiwa amekaa pembeni. Weka rula kando yake, upige picha kwa juu, kwa ubavu na kwa ndani. Angalia nakshi ilivyochongwa, kama ni majani au ni mistari, angalia ukingo kama una zile punje ndogo ndogo kama ushanga, angalia jiwe limeshikwaje. Kisha picha hizo mpelekee sonara, mwambie akutengenezee pete mpya kwa mtindo huo huo. Mwenzio akivaa, atakuwa amevaa nakshi ya bibi yako, na hakuna shangazi hata mmoja aliyenyang'anywa kitu. Mimi binafsi njia hii naipenda kuliko hata ya kupewa ile yenyewe. Pete zilizovaliwa miaka 50 huwa zimelika upande wa chini na kuwa nyembamba kama uzi, na kucha zinazoshika jiwe zimechoka. Mtu hujua zimechoka siku jiwe linapotumbukia kwenye sinki.

Tena hapo jambo la shemeji linajimaliza lenyewe, maana pete itakuwa haijavaliwa na mtu. Mimi kwenye mikosi simo. Mwaka 2010 Prince William alimchumbia Catherine hapa jirani, Kenya, kwa pete ya marehemu mama yake, Diana, yenye yakuti samawi ya karati 12 na almasi pande zote. Alisema mwenyewe aliizungusha kwenye begi la mgongoni kama wiki tatu akitafuta wasaa. Kama kuna pete ambayo wenye kuamini mikosi wangeikimbia, ni ile, maana ndoa ya Diana ilivunjika 1996 na mwaka uliofuata akafa kwa ajali. Catherine aliipokea na ameivaa miaka nenda rudi. Lakini usimpelekee shemeji kisa hiki ili umshinde hoja. Dada wa mchumba huwa hasemi peke yake. Yawezekana ametumwa, na yawezekana anayeogopa pete ya mtu mwingine ni mchumba wako mwenyewe aliyeona aibu kukwambia. Muulize. Swali moja tu, bila kumtaja dada yake.

Sasa jambo ambalo wewe hukuligusa kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa: mikono yake. Mtu wa wodi ya wazazi ananawa mikono kutwa nzima na kuvaa glavu na kuvua. Pete yenye jiwe lililoinuka juu kwenye kucha zake itachana glavu, itamkwaruza mtoto mchanga, na sabuni itaganda chini ya jiwe. Hospitali nyingi haziruhusu kazini zaidi ya pete moja isiyo na jiwe, nyingine hata hiyo haziitaki. Muulize kwao ikoje. Kama ataivua kila zamu, mnunulie na mkufu mwembamba wa kuitundikia shingoni akiwa safarini, na kazini awe na mahali pa kufungia, maana mfuko wa sare ndio unaopoteza pete za wauguzi.

Kwa hiyo agiza jiwe lilale chini, lizungukwe na ukingo wa dhahabu badala ya kushikwa na kucha. Bahati nzuri ni mtindo wa zamani uleule unaoutafuta. Masonara walishika mawe hivyo karne na karne kabla ya pete za kucha ndefu kushika kasi. Nakshi ziwekwe ubavuni, zisiwe za matundu matundu, ili uchafu usipate pa kukaa. Kuisafisha ni mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo.

Jiwe gani? Najua moyo wako uko kwenye tanzanite, na ni jiwe zuri, la kwetu, halichimbwi popote pengine duniani. Ila kwa pete ya kila siku silipendi. Kwenye kipimo cha ugumu ambacho almasi ina 10, tanzanite iko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye 7. Miaka michache tu uso wake unafifia, na ukiligonga vibaya kwenye kitanda cha chuma cha hospitali linapasuka. Tanzanite iwe hereni au kidani, umnunulie mtakapojaliwa mtoto wa kwanza. Kwa pete chukua yakuti samawi, ambayo ina 9. Zinachimbwa Tunduru, na zinachimbwa pia bonde la Umba, ambalo liko mkoani kwako. Za Umba zina rangi nyingi, nyingine buluu iliyochanganyika na kijivu au zambarau, na hizo ukizitia kwenye dhahabu ya njano zinaonekana za zamani bila hata kusaidiwa. Kama anapenda waridi, tafuta spineli ya Mahenge. Hiyo ina 8. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akuandikie kwenye risiti jina la jiwe, uzito wake, na kama limechomwa ili kukoleza rangi. Kuchomwa si kosa, kuficha ndiko kosa.

Dhahabu iwe ya karati 18. Najua wazee wa Pwani watakwambia isiyo 22 si dhahabu. Waache na bangili zao. Dhahabu ya 22 ni laini, na ukingo unaoshika jiwe unahitaji ugumu. Ndani ipigwe chapa ya 750, maana yake robo tatu ni dhahabu safi. Pete ya gramu 4 basi ina dhahabu safi gramu 3. Uliza bei ya gramu siku hiyohiyo utajua umesimama wapi. Dai risiti yenye mistari mitatu: dhahabu kwa uzito, jiwe, na ujira wa fundi. Fundi anayekutajia bei moja ya jumla ana sababu zake. Dhahabu nyeupe usiitake, hupakwa juu rodiamu, madini meupe ya kung'arisha, ikichujuka unarudi dukani kupakwa tena, na mikono ya kunawa sana huichujua upesi.

Kipimo cha kidole usikikisie. Chukua pete anayoivaa kidole hichohicho, upime upana wa ndani kwa milimita. Usitegemee namba, maana Waingereza hutumia herufi na Wamarekani tarakimu, na mafundi wetu huchanganya vyote viwili. Kama huwezi kuiba pete, mpeleke mwenyewe akapimwe saa za alasiri, vidole vikiwa vimejaa kwa joto. Sioni ubaya wowote akiijua pete kabla. Barua imejibiwa, mahari yanazungumzwa, ndugu wa pande mbili wanajua. Huo mshangao wa kupiga goti mgahawani watu wakirekodi kwa simu waachie wengine. Achague yeye jiwe. Wewe baki na maandishi ya ndani ya pete, asiyaone hadi siku yenyewe.

Usingoje Novemba. Desemba ni msimu wa arusi na masonara wanazidiwa, kazi ya nakshi ya mkono inafanywa harakaharaka na mwanafunzi wa fundi. Anza na shangazi yako mkubwa wiki hii. Nenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, uwe na kilo mbili za sukari na majani ya chai, na ukae ulizwe habari za watu wote kwanza. Neno la pete lisitoke mpaka akuulize mwenyewe umejia nini.