Jihadhari na Jibu Unaloliamini Mno: Ushauri kwa Wajazaji wa Fumbo la Maneno la Kila Siku

Kidokezo kilionekana chepesi: "Chombo cha baharini kiendeshwacho kwa tanga", herufi 6. Nikaandika MASHUA kwa wino, bila kusita. Neno la wima lililoanzia kwenye herufi ya pili lilitaka mahali wanaporuka ndege, herufi 4, nikajaza ANGA, na ile A ikaoana vizuri kabisa. Kwenye herufi ya mwisho palishuka neno jingine, "Hutuliza moyo wa mja", herufi 5, nikajaza AMANI. Nikawa na neno lililothibitishwa na mashahidi wawili. Kisha nikafika kwenye kidokezo ambacho hata mtoto angekijibu: "Hutengenezwa na nyuki", herufi 5, neno lishukalo kutoka kwenye herufi ya nne ya MASHUA, yaani H. Moyoni nilijua kuwa ni ASALI. Hata hivyo, kwa kuwa ASALI haianzi na H, niliikataa, nikatumia sehemu kubwa ya asubuhi ile kutafuta kitu kingine kitengenezwacho na nyuki, chenye herufi 5 na kianzacho na H, ambacho hakipo.

Jibu lilikuwa JAHAZI. Herufi yake ya pili ni A, sawasawa na ya MASHUA, ndiyo maana ANGA iliingia bila kikwazo. Herufi ya nne ni A, inayofungua ASALI. Herufi ya mwisho ni I, na kilichokuwa kikituliza moyo wa mja kilikuwa IMANI. Shahidi wangu wa kwanza angeweza kulishuhudia jibu lolote kati ya hayo mawili, na wa pili nilikuwa nimemtunga mwenyewe kutokana na kosa langu.

Nimejaza mafumbo ya maneno ya magazetini karibu kila siku kwa miaka 11, na kama ningeruhusiwa kumpa anayeanza ushauri mmoja tu, ningemsimulia asubuhi ile. Watu wengi huacha chemshabongo kwa kudhani kwamba hawajui maneno ya kutosha. Neno usilolijua halina madhara makubwa, kwa sababu linakaa wazi likisubiri herufi za jirani zake, na mara nyingi hujifichua lenyewe. Linaloharibu kazi ni neno ulilolijaza kwa uhakika na likawa siyo, kwa maana hilo linapotosha kila kinacholigusa, na wewe unaanza kuyatilia shaka maneno ya kweli ili kulilinda la uongo.

Kwa hiyo, tumia penseli. Ushauri huu una umri karibu sawa na wa mchezo wenyewe. Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi badala ya mraba tuuzoeao leo. Kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo kilipotolewa na Simon & Schuster mwaka 1924, kila nakala iliuzwa ikiwa imeambatanishwa na penseli. Najua wapo wanaojivunia kujaza kwa wino, nami nilikuwa miongoni mwao. Wino una ubaya ambao hauonekani mara moja: unakufanya usite kubadili mawazo, kwa sababu kubadili mawazo kunaacha doa kwenye karatasi. Ukiwa na penseli, unaweza kuandika jibu lenye shaka kwa mkono mwepesi, herufi ndogo kwenye pembe ya kisanduku, na kulikoleza litakapopata ushahidi.

Ushahidi huo unategemea jinsi mraba ulivyopangwa, na inafaa uutazame kabla ya kusoma kidokezo chochote. Katika mafumbo ya mtindo wa Marekani, kila herufi ni ya maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Ndivyo ulivyo mraba wa kila siku wa New York Times, ambao kwa kawaida una visanduku 15 kwa 15. Katika mtindo wa Uingereza visanduku vyeusi ni vingi zaidi, na takriban nusu tu ya herufi za kila neno ndizo zinazokatwa na neno jingine. Tofauti hii si ya sura peke yake. Katika mtindo wa kwanza unaweza kulipata neno zima bila kukisoma kidokezo chake, kwa kuyajaza yanayolikata. Katika wa pili kuna herufi ambazo hakuna atakayekusaidia kuzipata, na kwa sababu hiyo jibu lenye herufi mbili tu zilizothibitishwa bado ni dhana. Siku ya MASHUA nilikuwa kwenye mraba wa aina hii ya pili.

Anayejaza kwa Kiswahili ana msaada mwingine uliomo ndani ya lugha yenyewe, na hapa ndipo ninapopata raha kubwa kuliko zote. Maneno yetu, isipokuwa machache sana, huishia kwa irabu. Maana yake ni kwamba kisanduku cha mwisho cha karibu kila neno kina uwezekano wa herufi tano tu, hata kabla hujajua lolote. Kidokezo kikiwa katika wingi, jibu nalo litakuwa katika wingi: "Vifaa vya kukatia", herufi 4, karibu hakika kitaanza na VI, na VISU linajitokeza. Kidokezo kikianza na kitenzi cha "ku", unaweza kuiandika KU kwa penseli na kusonga mbele. Ukiona konsonanti inayotangulia B, ijaribu M kwanza. Ikitangulia J au Z, ijaribu N. Sheria hizi zina mapengo yake, kwani maneno yaliyotoka lugha nyingine hayazitii zote, lakini mtu anayezikumbuka hukaa mbele ya mraba mtupu bila hofu. Zaidi ya hapo, humfanya aitazame lugha yake upya, kama fundi anayegeuza saa na kuona magurudumu yake yakizunguka.

Lugha hiyohiyo ina mitego yake. Je, mtunzi anaandika "maalum" kwa herufi 6 au "maalumu" kwa 7? Neno "ng'ombe" lina herufi 6, lakini ile ritifaa inaingia wapi? Watunzi wengi huiacha tu, na mgeni asiyelijua hilo anaweza kuhesabu visanduku na kulitupa jibu sahihi. Dawa ni kumzoea mtunzi mmoja. Chagua gazeti moja, ulijaze kwa mwezi mzima, nawe utaanza kuzitambua tabia zake: maneno ayapendayo, tahajia anayoifuata, na namna anavyoficha. Magazeti mengine hupanga ugumu kwa siku. Fumbo la New York Times la Jumatatu ndilo jepesi zaidi katika juma na la Jumamosi ndilo gumu zaidi, wakati lile la Jumapili ni kubwa kwa eneo bila kuwa gumu kuliko yote. Asiyejua mpango huo, akaanza Jumamosi, anaweza kuuchukia mchezo kabla ya kuuonja.

Kuna pia mafumbo ambayo kidokezo chenyewe ni kitendawili, na watunzi wa Uingereza wameyafanya kuwa sanaa inayojitegemea. Ndani ya kidokezo cha namna hiyo mna sehemu mbili: maana ya kawaida ya jibu, ambayo hukaa mwanzoni au mwishoni, na mchezo wa herufi unaokupeleka kwenye jibu hilohilo kwa njia nyingine. Ngoja nitunge kimoja kwa Kiswahili ili niseme ninachokimaanisha: "Siku iliyovurugika ina makali", herufi 4. Akili inakimbilia kwenye siku mbaya, siku ya ugomvi au ya jua kali. Sasa zivuruge herufi za neno SIKU lenyewe. Utapata KISU, na kisu kina makali. Hakuna kilichofichwa; kila neno lilisema kweli, ila uliliamini kwa maana isiyostahili. Sekunde ile ambayo sentensi moja inageuka mbele ya macho yako na kuwa nyingine, huku herufi zikiwa zilezile, ndiyo inayonirudisha kila asubuhi, na sijaona starehe nyingine ya bei ndogo kiasi kile inayoweza kushindana nayo. Ukipenda kujizoeza, chukua neno MALI uone ni mangapi mengine yanayokaa ndani yake: LIMA, LAMI, IMLA.

Sitaki kuficha kwamba zipo kero ambazo mjazaji hana hatia nazo. Iliyoniumiza zaidi ilinipata katika gazeti nililokuwa nikilipenda: walichapisha vidokezo vya siku ile chini ya mraba wa siku iliyotangulia. Nilikaa nao zaidi ya saa nzima, nikafuta hadi karatasi ikatoboka, nikaamini kwamba akili yangu imechoka. Hapakuwa na maelezo wala masahihisho toleo lililofuata. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza, huchukua vidokezo vitatu au vinne na kuhesabu kama idadi ya herufi inalingana na visanduku. Kazi hiyo ni ya nusu dakika na imeniokoa mara kadhaa.

Kero nyingine ni makutano yasiyo ya haki: maneno mawili adimu, au majina mawili ya watu, yanayokatana kwenye kisanduku kimoja, kiasi kwamba asiyeyajua yote mawili hana njia yoyote ya kufikiri itakayompeleka kwenye herufi hiyo. Naliona hilo kuwa kosa la mtunzi, na nasema hivyo nikiwa nimejifunza kuwaheshimu watunzi sana. Neno gumu ni halali likizungukwa na mepesi. Magumu mawili yakipewa kazi ya kuthibitishana, fumbo linakuwa mtihani wa kumbukumbu. Ukikutana na kisanduku kama hicho, jaza herufi inayoelekea zaidi, uweke alama, na usikipe dakika nyingi za siku yako.

Kuhusu kamusi, watu hubishana. Msimamo wangu ni kwamba kamusi inafunguliwa baada ya kuandika jibu, ili kulihakiki, na si kabla yake ili kulitafuta. Ukishaandika ASALI kwa penseli, halafu ukaenda kuangalia kama neno fulani lina maana unayoidhania, unajifunza. Ukipekua kurasa za H ukitafuta chochote chenye herufi 5, unachosha macho. Kwa majina ya miji, mito na watu wa kale, tafuta bila aibu. Hakuna anayeweza kuufikiria mto asiowahi kuusikia.

Jambo la mwisho ni lile nililoshindwa kulifanya siku ya jahazi, nalo ni kuliacha fumbo na kuondoka. Ukikwama kwa dakika 10 bila kuongeza herufi hata moja, likunje gazeti uende kwenye shughuli nyingine. Utakaporudi, usianze na vidokezo vilivyobaki. Anza na majibu uliyokwisha kujaza kwenye ile pembe iliyokwama, na ujiulize kwa kila moja: nani mwingine analishuhudia hili, na je, shahidi huyo nilimpata peke yake au nilimjenga juu ya hili hili? Jibu lisilo na shahidi huru, lifute lote, hata kama unalipenda. Dada yangu, ambaye hujaza nami siku za mapumziko, ana njia yake: hunisomea kidokezo bila kuniruhusu kuziona herufi zilizojazwa. Mara nyingi mimi hulitaja jibu jipya papo hapo, kwa kuwa sioni tena kile nilichokuwa nimekiamini. Kama una mtu wa namna hiyo karibu nawe, mpe karatasi aishike yeye.

Majibu yanapochapishwa kesho yake, yasome kabla ya kuligusa fumbo jipya. Usiishie kuhesabu uliyoyakosa. Lifuatilie lile neno moja lililoanzisha upotovu, uone ni herufi gani iliyolifanya lionekane la kweli, kisha uliandike pamoja na neno lililokuwa sahihi. Mimi nina daftari la jozi hizo. Ukurasa wake wa kwanza una mstari mmoja, wenye mashua upande wa kushoto na jahazi upande wa kulia, na ile A ya pili nimeizungushia duara katika yote mawili.