Je, klorini inamaliza mabaki ya dawa kwenye maji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la dawa muhimu hapa Morogoro. Juzi mteja alikuja na mfuko wa vidonge vilivyopitwa na muda, akasema anakwenda kuvitumbukiza chooni kwa sababu "maji yenyewe yanatiwa klorini, itaviua". Nilikosa la kumjibu. Je, ni kweli klorini inaondoa dawa kwenye maji? Na kuchemsha kunasaidia?

JIBU: Marahaba binti. Mteja wako amekosea kwenye neno hilo hilo, "itaviua". Klorini huua bakteria na virusi kwa kuwaharibu mwili: utando, vimeng'enya, chembe za urithi. Kidonge hakina uhai wa kutolewa. Molekuli ya dawa ikikutana na klorini, ama inapita bila kuguswa, ama inageuka kuwa molekuli nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa urefu, maana wengi wanadhani dawa ikishageuka basi imekwisha.

Klorini ikiingia kwenye maji hutengeneza asidi haipoklorasi, na hiyo ndiyo yenye makali. pH (kipimo cha ukali wa asidi au alikali ya maji) ikifika karibu 7.5, nusu yake inakuwa imegeuka haipokloraiti, ambayo ni dhaifu. Asidi hii hushambulia sehemu za molekuli zenye elektroni nyingi, hasa pete ya fenoli na naitrojeni ya amini. Paracetamol ina fenoli. Estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango nayo ina fenoli. Diklofenaki ina amini, na sulfamethoksazoli, ile iliyomo ndani ya Septrin, ina amini pia. Hizo zote hubadilika zikipata klorini ya kutosha na muda wa kutosha. Ibuprofeni haina sehemu rahisi ya kushikwa, kwa hiyo inapita karibu kama ilivyoingia. Kabamazepini ya kifafa nayo ni sugu.

Sasa tazama paracetamol inageuka nini. Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, waliichanganya na klorini maabara wakapata mazao 11. Mawili kati yake ni sumu: benzokwinoni, na nyingine inayofupishwa NAPQI. Wewe wa duka la dawa hiyo NAPQI inakuhusu, kwa sababu ndiyo ile ile ini linayoitengeneza mtu akizidisha Panadol, na ndiyo inayoliharibu ini lenyewe. Maji yao ya maabara yalikuwa na paracetamol nyingi kupita ya bombani, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba bomba lake lina sumu ya ini. Lakini njia ya kikemia ipo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Charlotte, walifanya hivyo kwa antibayotiki ya doksisaiklini, wakakuta baadhi ya mazao yake bado yana nguvu ya kupambana na bakteria. Kipimo kinachotafuta doksisaiklini peke yake kingesema imeondoka.

Kuna jambo jingine ambalo ukiliona kwa macho hulisahau. Chukua bika mbili za maabara, moja maji ya bomba yaliyochujwa vizuri, nyingine maji ya mto baada ya mvua. Tia kila moja klorini miligramu 2 kwa lita, subiri dakika 30, kisha dondosha kidonge cha DPD, kile kinachoyatia maji rangi ya waridi kukiwa na klorini. Ya bomba inakuwa ya waridi iliyokolea. Ya mto inabaki karibu bila waridi: klorini yote imeliwa na majani yaliyooza, amonia na chuma. Dawa zimo humo kwa nanogramu (miligramu moja ina nanogramu milioni moja), katikati ya uchafu wa miligramu, nazo hazina foleni yao maalumu. Amonia ikiwa nyingi ndiyo balaa zaidi, kwani klorini inageuka kloramini, na kloramini ni goigoi mno kwa dawa nyingi.

Utasema, basi tuongeze klorini. Hapana. Tangu 1974, Johannes Rook wa Rotterdam alipoonyesha kwamba klorini na mabaki ya mimea huzaa klorofomu, kemikali yenye madhara, tunajua kila miligramu ya ziada ina gharama yake.

Kuhusu kiasi, usiwatishe wateja. Ripoti ya WHO ya mwaka 2012 ilieleza kuwa maji yaliyosafishwa kwa kawaida huwa na dawa chini ya nanogramu 50 kwa lita. Kwa kiwango hicho, kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 kimesambaa kwenye lita milioni 10. Ukinywa lita 2 kwa siku, utahitaji zaidi ya miaka 13,000 kukimaliza. Kipindupindu hakisubiri hivyo. Kwa hiyo asiache mtu kutibu maji kwa klorini eti anaogopa mabaki ya dawa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wakikimbilia uamuzi huo.

Wasiwasi wangu mimi uko mtoni. Kwenye Mto Nairobi na vijito vyake, watafiti wamekuta antibayotiki pamoja na dawa za kufubaza VVU, zikiwemo nevirapini na lamivudini. Miji yetu mingi husafisha majitaka kwa mabwawa, kama yale ya Dandora jijini Nairobi, bila klorini mwishoni. Maana yake kidonge cha antibayotiki kilichotumbukizwa chooni kinaweza kufika mtoni dawa yake ikiwa bado na nguvu, na bakteria wa huko wanajifunza usugu kwayo muda mrefu kabla mtambo wowote wa klorini haujayaona maji hayo.

Kuchemsha hakusaidii. Dawa nyingi hazipandi na mvuke; maji yanapungua, zenyewe zinabaki sufuriani. Chujio la kauri nalo linazuia vimelea tu. Kinachozikamata kweli ni kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu wenye vitundu vingi vidogo, mradi ibadilishwe ikishachoka, na mkaa wa jikoni hauwezi kushika nafasi yake. Mitambo mikubwa hutumia gesi ya ozoni pia; Uswisi tangu 2016 inadai mitambo yake teule ya majitaka iongeze hatua ya aina hiyo.

Mteja akirudi na mfuko wake, upokee. Weka vidonge kwenye boksi lililoandikwa na kufungwa, mbali na rafu ya kuuzia, halafu muulize mfamasia wa wilaya jinsi ya kuviingiza kwenye utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wa kuteketeza dawa zisizofaa. Antibayotiki zitenge ziwe za kwanza kuondoka.