Mwaka ulioandikwa kwenye picha usiuamini kabla hujaigeuza

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwa bibi mmoja Mwingereza kule Nanyuki. Bibi huyo alipohama alimwachia picha ya rangi za mafuta, sentimita 127 kwa 102, ya mwanamke wa familia ya wenye ardhi huko kwao. Amevaa gauni la satini ya buluu lenye kola pana ya lesi, na mkononi ameshika nyoya la mbuni. Juu, pembeni, pana jina lake kwa herufi za dhahabu na mwaka 1638. Nyuma naona vitambaa viwili vilivyogandana, mbao zenye vikabari kwenye kona, na namba nyeusi. Sasa iko kwangu Mombasa na imekuwa ya manjano. Je, mwaka huo ni wa kweli? Na naweza kuisafisha kwa kiazi kilichokatwa, kama nilivyoelekezwa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na kiazi, maana hicho kinaweza kuiharibu picha leo hii. Usikitumie, wala sabuni, wala mkate. Umanjano unaouona kwa kawaida si uchafu, ni vanishi ya utomvu iliyozeeka, na kiazi hakiiondoi. Kinachofanya ni kupitisha maji kwenye nyufa hadi kwenye gundi iliyo chini ya rangi, na kuacha wanga ambao ukungu wa pwani utaufurahia. Kuondoa vanishi ni kazi ya fundi wa kuhifadhi michoro mwenye dawa zake, anayejaribu kwanza sehemu ndogo kama ukucha.

Sasa huo mwaka. Gauni linaafikiana kabisa na 1638, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Katika miaka ya 1730 na 1740, wanawake wa familia kubwa za Uingereza walipenda kuchorwa wakiwa na mavazi ya miaka mia moja nyuma. Mfano walioufuata sana ulikuwa picha moja iliyotundikwa Houghton Hall, Norfolk, nyumbani kwa Robert Walpole aliyekuwa waziri mkuu: mwanamke kijana, satini, kola ya lesi, nyoya mkononi. Wakati huo watu waliamini imechorwa na Van Dyck, mchoraji aliyefanya kazi Uingereza katika miaka ya 1630. Kumbe ni kazi ya mchoraji Rubens, na mwanamke ni mkewe, Helena Fourment. Mwaka 1779 picha za Walpole ziliuzwa kwa Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, na leo picha hiyo iko Lisbon, Ureno, katika Makumbusho ya Gulbenkian.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila nikikutana na picha za aina hii. Mchoraji mara nyingi alichora uso tu mbele ya mwenyewe, kisha akampelekea turubai fundi wa kuchora mavazi. Aliyesifika zaidi London alikuwa Joseph van Aken, mtu wa Antwerp aliyefariki 1749, aliyewachorea nguo wachoraji Thomas Hudson, Allan Ramsay na wengine. Ndiyo maana gauni lilelile utalikuta kwa wanawake ambao pengine hawakuwahi hata kuonana. Uso ni wake. Gauni huenda hakulivaa hata siku moja. Nyoya, kola na satini vikikaa pamoja namna hiyo, mimi naanza kutafuta miaka ya 1740.

Unaweza kuyapima haya. Chukua kioo cha kukuzia na taa ya pembeni, fuata herufi moja mpaka inapokutana na ufa. Dhahabu ikiwa imezama ndani ya ufa, herufi iliandikwa rangi ikiwa tayari imekauka na kupasuka, yaani miaka mingi baadaye. Familia nyingi ziliandika majina picha zilipogawanywa kwa warithi, kwa kutegemea kumbukumbu za wazee, na makosa ni mengi. Kipimo cha pili ni cha maabara: hiyo buluu. Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ikipatikana ndani ya rangi ya asili ya gauni, 1638 imeanguka.

Taa ile ya kukagulia noti bandia nayo inasaidia. Gizani, vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani, na palipopakwa rangi mpya juu yake huonekana peusi. Angalia hasa uso na hayo maandishi.

Nyuma ndiko kwenye habari. Vitambaa viwili maana yake turubai ya kwanza ilichoka ikabandikwa juu ya nyingine, kwa kawaida kwa gundi na uji wa unga. Mbao za kabari zilianza kutumika katikati ya karne ya 18, ila zako huenda ziliwekwa siku ya matengenezo hayo, kwa hiyo zisikupe umri wa picha. Namba nyeusi ipige picha vizuri: mnada wa Christie's wa London, ulioanza 1766, ulizoea kupiga namba za stensili nyuma ya picha, na kumbukumbu zao zinaweza kuonyesha iliuzwa lini na nani. Kwa jina la mwanamke, andikia Maktaba ya Heinz katika National Portrait Gallery, London. Wana mafaili ya picha kwa majina ya wachoraji na ya waliochorwa.

Na mama akae nawe aseme, wewe uandike: bibi alihama mwaka gani, picha ilitundikwa chumba gani, alisimulia nini juu ya huyo mwanamke. Barua au picha ya sebule ile ikipatikana, itunze pamoja na mchoro.

Hapo Mombasa usiitundike ukuta unaopigwa na mvua au jua. Bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, nyuma ya fremu hewa ipite, na kagua wadudu kila mwezi, maana ule uji wa unga ni chakula chao. Ukiona rangi inabanduka, ishushe, ilaze uso ukiwa juu, na kila kigamba kilichoanguka kitie kwenye bahasha. Fundi atavihitaji vyote.