Kuwakilisha si kuwasilisha

Swali: Serikali inayoendeshwa na wawakilishi ni sahihi kuiita demokrasia, au neno hilo ni la wananchi wanaoamua mambo wenyewe?

Jibu: Ni sahihi, ingawa shaka yako ina mizizi. Neno ni la Kigiriki: demos ni umma, kratos ni nguvu. Katika Athens ya kale raia walikutana wakapiga kura wenyewe, na baraza la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu (wanawake na watumwa hawakuhesabiwa). Maana imepanuka tangu hapo, nami naikubali. Ukitaka kutofautisha, sema demokrasia ya uwakilishi.

Hapo kwenye uwakilishi ndipo ninapokosa usingizi. Kila siku nasoma kwamba mbunge “amewakilisha hoja” na kamati “imewakilisha ripoti”. Hapana, jamani! Hoja huwasilishwa. Wasilisha limezaliwa na wasili, yaani kufika. Ukiwasilisha barua, umeifikisha. Wakilisha lina wakili tumboni, mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Anayewakilisha ripoti ametumwa na ripoti?

Pima sentensi hizi. “Mbunge aliwasilisha maoni ya wapiga kura wake.” Huyu ni mjumbe: ametumwa, amefikisha, hakutia chumvi. “Mbunge aliwawakilisha wapiga kura wake.” Huyu amesimama mahali pao, na pengine amepiga kura ambayo wao wenyewe wasingeipiga. Mwaka 1774 Edmund Burke, mwanasiasa wa Uingereza, aliwaambia wapiga kura wa Bristol kwamba mbunge akiitupa busara yake ili kufuata maoni yao, amewasaliti. Mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, alikuwa ameshasema kinyume: utashi wa umma hauwakilishwi, na wabunge ni mawakala tu, hawana mamlaka ya kukata shauri lolote la mwisho.

Basi ugomvi wote unaouulizia umo ndani ya vitenzi hivi viwili. Je, tunamtuma mtu akawasilishe, au akawakilishe? Lugha yetu imetupa neno kwa kila upande, tena yanatofautiana kwa silabi moja, halafu waandishi wanayakoroga kama uji! Atakayeyachanganya hawezi hata kuliuliza swali lako vizuri.

Juzi nililetewa ukurasa wa habari za bunge niuhariri. Nilikata “ki” nikaandika “si” mara nne, na mara ya tano nikamrudishia mwandishi autengeneze mwenyewe.