Hamkuoana, lakini mtoto ana baba

Binti yangu, umeeleza kwamba una miaka 19 na mtoto wa miezi minane, kwamba uliacha masomo kidato cha tatu, na kwamba baba wa mtoto, aliyeko hapo hapo Malindi, anadai hana wajibu kwa kuwa hamkuoana. Dai hilo halina msingi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Nenda kwa afisa wa watoto na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wala usifute jumbe zake za simu, maana hata ule wa "nitatuma Ijumaa" unaweza kukufaa; akikaidi wito wa afisa, shauri la matunzo hupelekwa mahakama ya watoto. Na akija shangazi yake na elfu mbili za kukunyamazisha, mkaribishe chai tu.

Kuhusu masomo, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, kwa hiyo fuatana na mama yako kwa mwalimu mkuu. Mimi nilirudi mwanangu akiwa na mwaka mmoja, nikiamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, na aibu niliyoiogopa iliisha kabla muhula haujaisha. Kilichonisumbua zaidi, kusema kweli, ni maziwa kulowesha sare katikati ya somo la hesabu. Beba kitambaa cha ziada.